Nani Atamchukua Mbwa Mwoga?

Pita mitaa ya Nairobi na viunga vyake yenye malango ya chuma, kuanzia Lang'ata hadi Runda, kuanzia Buruburu hadi Kitengela, na utasoma maneno mawili yaleyale yaliyopakwa rangi nyekundu langoni: Mbwa Kali. Mara nyingine kibao kipo na mbwa hayupo. Mwenye nyumba amekitundika kwa kuwa anajua wapita njia wanaamini nini kuhusu mbwa. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyozoea kumpima mnyama huyu: anabweka kwa sauti gani, anamrukia nani, na mwizi akipanda ukuta usiku atakutana na nini upande wa pili.

Sasa mpime kwa kipimo hicho mbwa ambaye mgeni akibisha hodi hukimbilia nyuma ya tangi la maji. Mbwa ambaye ukimnyooshea mkono hujilaza chini na kujikojolea. Mbwa anayekula usiku tu, watu wakishalala. Vituo vya kuokoa wanyama vinamjua vizuri. Wageni hufika Jumamosi na watoto wao, hupita vizimba vya mbele ambako mbwa wachangamfu wanasimama kwa miguu miwili na kutikisa mkia, huchagua mmoja, hutia sahihi karatasi na kuondoka. Yule aliyejikunyata kona ya nyuma, uso ukielekea ukutani, hawamwoni. Wakimwona husema, "Huyu ni mgonjwa," au, "Huyu atanisaidia nini?"

Mimi ni miongoni mwa watu wanaojitolea kuwalea mbwa wa aina hiyo kwa muda kabla hawajapata kwao, na nimeshawishika kabisa kwamba mbwa mwoga anaweza kupata nyumba na kuishi humo kwa raha. Kinachomkwamisha ni jinsi tunavyomtafutia. Tunamtafutia nyumba yoyote itakayokubali kumchukua, ilhali yeye, kuliko mbwa mwingine yeyote, anahitaji nyumba inayomfaa.

Kazi ya kuwaokoa wanyama si ngeni nchini Kenya. Chama cha Kulinda na Kutunza Wanyama, kinachojulikana zaidi kwa herufi KSPCA, chimbuko lake ni mwaka 1910, na makao yake yako eneo la Karen, Barabara ya Lang'ata. Miaka miwili baadaye, mwaka 1912, kichaa cha mbwa kilithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini, kwa mbwa aliyekuwa pembezoni mwa Nairobi. Tangu hapo mbwa asiye na mwenyewe ameishi kati ya mambo hayo mawili: huruma ya wachache na hofu ya wengi. Hofu hiyo ina msingi, nami sitaipuuza. Nitairudia.

Kwanza tuangalie hofu ya mbwa mwenyewe, maana asiyeielewa hawezi kumtafutia mahali.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na wataalamu wa tabia za mbwa wamepata jambo linalofanana sana na hilo. Mwaka 1961, katika jarida la Science, watafiti watatu, Freedman, King na Elliot, walieleza jinsi walivyolea watoto wa mbwa pamoja na mama zao katika uwanja wenye uzio mrefu ili wasikutane na binadamu. Kila kundi lilitolewa kwa wiki moja tu kucheza na watu, katika umri tofauti. Waliotolewa wakiwa na wiki 5 au 7 waliwazoea watu upesi. Waliokutana na mtu kwa mara ya kwanza wakiwa na wiki 14 walikuwa wakali wa woga, hawashikiki, na hata baada ya mafunzo hawakulingana na wenzao. Utafiti huo ulifanyika Bar Harbor, katika jimbo la Maine, Marekani, ambako John Paul Scott na John Fuller walikuwa wakichunguza tabia za mbwa kwa miaka mingi. Kitabu chao cha mwaka 1965 bado kinatajwa na kila anayeandika kuhusu suala hili. Walichogundua ni kwamba kipindi cha mbwa kujifunza nani ni rafiki huanza akiwa na wiki 3 hivi na huanza kufifia kufikia wiki ya 12 hadi ya 14.

Mfikirie basi mtoto wa mbwa aliyezaliwa chini ya kibanda cha mboga sokoni, au nyuma ya kichinjio, na mama ambaye kila akisikia hatua za mtu huwasukumia wanawe gizani. Wiki hizo zote zinapita bila mkono wa mtu kumgusa. Wiki ya 14 ikifika, kwake binadamu ni kitu cha kukimbiwa. Hakuna aliyempiga. Hakuna hata aliyemkaribia. Watu wakimwona baadaye kituoni akitetemeka, husema kwa uchungu kwamba lazima aliteswa sana. Huenda la. Huenda hakuwahi kufundishwa kwamba mkono wa mtu unaweza kushika kitu kingine zaidi ya jiwe.

Yupo pia yule aliyeteswa kwelikweli. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mbwa aliyepigwa na mtu mwenye fimbo atamkimbia bibi kizee mwenye mkongojo, mtunza bustani mwenye reki, na mtoto aliyebeba mwavuli. Huyu aliwahi kuwaamini watu, kisha imani hiyo ikavunjwa. Wapo tena waliorithi woga kutoka kwa wazazi wao, kwa kuwa tabia ya mbwa nayo huenda na damu.

Kwa mtafutaji wa nyumba, tofauti hizi zina uzito. Mbwa anayeogopa kwa kutojua huhitaji kujulishwa dunia taratibu, kitu kimojakimoja: sauti ya blenda, mlango unaofungwa, mtoto anayecheka. Anayeogopa kwa kujua huhitaji kwanza kuepushwa na kile anachokijua. Nikiulizwa ni yupi mgumu zaidi, nitasema wa kwanza, ingawa wengi hudhani ni wa pili. Aliyewahi kupenda mtu mmoja anakumbuka jinsi ya kupenda.

Nimwelezee Kahawa, kwa sababu kisa chake kinaonyesha mengi kwa pamoja. Alikuwa jike wa kienyeji, miguu mirefu, masikio makubwa, rangi ya kahawia iliyompa jina. Aliokotwa upande wa Dagoretti, karibu na vichinjio, akiwa amekonda na ana jeraha shingoni. Alipopona alichukuliwa na bwana mmoja mwenye ua mkubwa katika mtaa mpya. Ua ule ulimpendeza kila mtu: nyasi, kivuli, kibanda cha mbao kilichopakwa rangi. Lakini bwana yule alitaka mlinzi, na mlinzi asiyebweka alimwona hasara. Akamfunga mnyororo karibu na lango ili azoee watu, yaani apitwe na kila mgeni, kila pikipiki ya boda boda, kila lori la maji, bila namna ya kujificha. Kahawa hakuzoea. Aliacha kula, na siku moja akamng'ata kijana aliyeinama kumpapasa. Akarudishwa, na karatasi yake ikaandikwa neno jipya: mkali.

Naomba msomaji atue hapa kidogo. Mbwa mwenye hofu ana njia chache za kujitetea: kukimbia, kuganda, na kung'ata. Ukimfunga mnyororo umemwondolea ya kwanza. Akiganda, watu humwona mpole, humwinamia, humshika kichwa. Inabaki ya tatu. Kabla ya kufika huko alikwisha kusema kwa mwili wake wote: alifyata mkia, alilaza masikio, alilamba midomo ilhali hakukuwa na chakula, alipiga miayo bila usingizi, aligeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana. Watu wazima wengi hawaisomi lugha hiyo, na watoto hawaisomi kabisa. Kumweka mbwa mwoga langoni kwa mnyororo ni hatari kwa familia na ni ukatili kwa mbwa. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumtia mnyama hofu kwa ukatili kuwa kosa, pamoja na kumpiga na kumtesa. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Tunazo sheria. Tunachokosa ni mazoea ya kuiona hofu kama maumivu.

Hapa ndipo inaporudi ile hofu ya watu niliyosema ina msingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu vifo vyote, asilimia 99, hutokana na kung'atwa na mbwa. Miongoni mwa wahanga wamo watoto wengi. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Njia ya kukatiza ugonjwa huu inajulikana: kuchanja asilimia 70 ya mbwa katika eneo. Kisiwani Pemba, kampeni za kuchanja mbwa zilionyesha kuwa ugonjwa huo unaweza kufutika. Lakini siku ya chanjo, mbwa wanaoletwa kwa kamba uwanjani ni wale wanaoshikika. Mwoga hubaki kichakani, hachanjwi, na huendelea kuzaa watoto watakaokuwa waoga kama yeye. Anayemtoa mbwa wa namna hiyo barabarani, akamchanja, akamfunga kizazi na kumpa kwao, anawalinda majirani zake pia. Kwa hiyo mbwa mwoga asitoke kituoni bila chanjo na bila kufungwa kizazi, hata kama mtu anayemtaka ana haraka.

Tatizo ni kwamba kituo chenyewe, hata kiwe kizuri namna gani, si mahali pa kupungukiwa na woga. Kelele za mbwa makumi wanaobweka kwa pamoja, sakafu ya saruji, wageni wasiokoma, harufu za dawa: yote humwelemea. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika vituo vitano nchini Marekani. Mbwa walipelekwa kulala nyumbani kwa watu kwa usiku mmoja au mbili tu. Kiwango cha kotisoli, homoni inayopanda mwili ukiwa na mfadhaiko, kilishuka walipokuwa majumbani. Waliporudi kituoni kikapanda tena hadi pale kilipokuwa mwanzo. Matokeo hayo yalinigusa sana nilipoyasoma, kwa kuwa yanamaanisha kwamba yule mbwa tunayemwona kizimbani siye mbwa kamili. Tunamwona akiwa katika hali yake mbaya kuliko zote, kisha tunamhukumu kwa hali hiyo.

Ndiyo maana Kahawa aliletwa kwangu badala ya kurudishwa kizimbani. Nilimpa stoo iliyo kando ya jikoni, yenye dirisha dogo, na kumwekea sanduku la mbao lililolazwa ubavu ili awe na pango. Sikumwita. Jioni nilikuwa nikiketi mlangoni, mgongo ukielekea kwake, nasoma gazeti kwa sauti ya chini, na kuacha ugali na omena hatua chache nyuma yangu. Alikula nilipoondoka. Baadaye alikula nikiwapo. Baadaye zaidi nilihisi pua baridi kwenye kiwiko, nami nikaendelea kusoma.

Aliyemfundisha zaidi ya mimi alikuwa mbwa mzee wa jirani, Simba, aliyekuwa akija kutafuta makoko ya ugali. Kahawa alikaa kwenye kivuli cha sanduku akimtazama Simba akija moja kwa moja, akikunwa nyuma ya sikio, akijilaza tumbo wazi. Wanaofanya kazi hii kwa ukubwa wanalijua jambo hilo. Shirika la ASPCA la Marekani lina kituo maalumu mjini Weaverville, North Carolina, kwa ajili ya mbwa wenye hofu iliyokithiri, wengi wao waliotolewa katika nyumba zilizorundika mbwa wasiotunzwa, na huko hutumia mbwa wachangamfu kuwa wasaidizi wa waoga. Mwaka 2022 walitoa ripoti ya mbwa 441 waliopitia mafunzo yao: asilimia 86 walihitimu, na karibu wote waliohitimu walipata nyumba. Hawa walikuwa mbwa ambao mahali pengine pangewaona hawafai. Siwezi kusema vituo vyetu vina fedha kama zile. Lakini chombo kikuu cha mafunzo yale ni chakula kizuri kinachotolewa kwa saa zilezile, na mtu anayejua kusubiri, na vyote viwili vinapatikana Kiambu, Morogoro na Jinja.

Basi ni nyumba gani inayomfaa? Nimeshaona watu wakidhani jibu ni ua mkubwa. Ua mkubwa humpa mbwa mwoga mahali pengi pa kukukwepa. Anaweza kuishi humo mwaka mzima bila kukukaribia. Kwa miezi ya kwanza chumba kidogo chenye utulivu kinamfaa zaidi. Kinachotakiwa ni mtu anayeshinda nyumbani, au anayerudi saa ileile kila siku. Mstaafu. Mshonaji anayefanyia kazi sebuleni. Mwanamke mjane ambaye watoto wameshaondoka. Nyumba isiyo na watoto wadogo sana, maana mtoto wa miaka mitatu hawezi kuambiwa asimkumbatie mbwa, na mbwa wa namna hii hakumbatiwi. Nyumba yenye ukuta au uzio usio na mwanya chini. Mbwa mwingine mtulivu akiwepo, nusu ya kazi imefanyika.

Nairobi tuna kikwazo kingine, nacho ni wenye majumba. Maghorofa mengi hayakubali mbwa, na wapangaji wengi huwaficha hadi mwenye ploti agundue. Mbwa mchangamfu akihamishwa ghafla hupata shida. Mbwa mwoga akihamishwa ghafla hurudi alikoanzia. Kwa hiyo mimi huomba kuona idhini ya mwenye nyumba iliyoandikwa kabla ya mengine yote. Wapo wanaoniona msumbufu. Afadhali nisumbue leo.

Kule pwani suala lina upande wake. Mombasa, Lamu na Unguja, Waislamu walio wengi hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Anayetafuta nyumba huko aliheshimu hilo tangu mwanzo, asilizungushe. Dini hiyohiyo inaruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda, inasimulia habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu, na katika Sura ya Al-Kahf inamtaja mbwa aliyekuwa pamoja na vijana wa pangoni. Familia yenye ua, chombo cha mbwa kilichotengwa, na mtu mmoja anayekubali kumhudumia, inaweza kumtunza vizuri sana. Isitoshe, mbwa mwoga hana haja ya kulambalamba watu wala kupanda kochi. Mara nyingi furaha yake ni kukaa hatua tatu kutoka kwako, akikuona.

Kahawa alipokuwa tayari, watu kadhaa walikuja kumwona. Mmoja aliuliza kama akifundishwa atakuwa mkali. Mwingine alimhurumia sana, akalia, akataka kumchukua palepale. Wote wawili niliwaaga. Huruma inayolia leo hupenda kushukuriwa kesho, na mbwa huyu asingemshukuru mtu kwa miezi.

Kisha akaja mwalimu mstaafu kutoka upande wa Limuru, akiwa na chupa ya chai na maini yaliyochemshwa ndani ya kopo. Alikaa kwenye kigoda stooni, ubavu ukielekea kwa Kahawa, akanywa chai yake. Kila baada ya muda alirusha kipande cha ini sakafuni bila kutazama kilikoangukia.

"Mwalimu, ukitaka nimsogeze kidogo..." nilianza.

"Mwache, mwanangu," alinijibu. "Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi. Anayelia siku ya kwanza humshiki mkono. Unamwonyesha dawati lake, unaendelea na kazi."

Alirudi tena na tena kabla ya kumchukua, mara moja akiwa na mkewe, na akaacha sweta lake kuukuu ndani ya sanduku ili mbwa aizoee harufu yake. Hilo ndilo jambo ningependa kila kituo kilifanye sharti: mtu na mbwa mwoga wajuane kabla ya safari. Mbwa mchangamfu anaweza kupandishwa gari na mtu aliyemjua kwa nusu saa. Huyu hapana.

Siku ya kuhama ndiyo siku ya hatari zaidi, na ningependa kueleza bila kupunguza. Mbwa mwoga hutoroka siku za mwanzo, kwenye lango linalofunguliwa kupokea maziwa, kwenye mlango wa gari. Avishwe mkanda wa kifuani pamoja na ukosi, kila kimoja na kamba yake, na kibati chenye nambari ya simu. Asafirishwe ndani ya kizimba kilichofunikwa shuka. Akifika asitembezwe kuonyeshwa majirani. Aingizwe moja kwa moja chumbani kwake, sanduku lake likiwa limetangulia, apewe maji, mlango ufungwe, aachwe. Usimhamishe Desemba mwishoni. Fataki za mkesha wa Mwaka Mpya zimewapoteza mbwa waliokwisha kutulia kabisa. Na ikitokea ametoroka, msimfukuze wala msikusanye vijana wa mtaa kumzingira. Mbwa mwenye hofu akifukuzwa hukimbia mpaka asijue alikotoka. Wekeni chakula na nguo yenye harufu ya mlezi wake mahali pale alipoonekana mara ya mwisho, mkae kimya, mrudi alfajiri na usiku barabara zikitulia.

Waokoaji wengi husema siku 3, wiki 3, miezi 3: siku tatu za kuduwaa, wiki tatu za kuanza kuelewa ratiba, miezi mitatu ya kujiona yuko kwao. Ni kanuni ya kumtuliza mlezi mpya, na ninaitumia, lakini huwa naongeza kwamba mbwa ambaye hajawahi kuishi ndani ya nyumba anaweza kuhitaji mwaka. Usimtazame machoni kwa muda mrefu. Usimwinamie, chuchumaa, umpe ubavu. Mpapase kifuani au begani kwanza, si juu ya kichwa. Mgeni akija, mwambie ampuuze mbwa, na hapa wageni wa Kiafrika wenye adabu ya kusalimia kila kiumbe nyumbani hupata shida kweli. Akitishika na ngurumo, mkalie karibu na kumtuliza ukiona anapenda. Ile imani kwamba kumfariji mbwa mwenye hofu ni kumzidishia hofu haina msingi. Adhabu ndiyo inayozidisha. Kofi moja linaweza kufuta kazi ya miezi.

Matembezi yasubiri. Msitu wa Karura ni mahali pazuri, na mbwa aliyefungwa kamba huruhusiwa humo, lakini baiskeli, wakimbiaji na mbwa wageni ni vingi mno kwa anayeanza. Njia ya mashambani saa kumi na mbili asubuhi inatosha.

Wapo ambao hawatapona vya kutosha. Mbwa ambaye kila siku yake ni mateso, asiyekula, anayejiumiza kwa kukwangua milango, anahitaji daktari wa mifugo. Zipo dawa za kupunguza wasiwasi, na kumpa mbwa dawa hizo si aibu. Na wapo wachache ambao hata hizo hazitawasaidia, na uamuzi mgumu hufanywa. Sipendi kuandika sentensi hiyo, lakini msomaji anayefikiria kuingia katika kazi hii anastahili kuijua mapema.

Kahawa bado hukimbilia chini ya meza akisikia boda boda, na sidhani ataacha. Hapendi wanaume wenye kofia. Lakini hulala kwenye mlango wa jikoni wa mwalimu, humfuata shambani, na usiku mtu asiyemjua akipita nyuma ya ua hubweka. Hakuna aliyemfundisha. Alianza alipokuwa na kitu cha kulinda.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Ukienda kituoni kutafuta mbwa, usiishie kwenye vizimba vya mbele. Mwombe mhudumu akupeleke kwa yule wa kona ya nyuma, keti chini, mpe ubavu, kaa naye nusu saa bila kumwita. Kama una nyumba tulivu na muda, uliza masharti ya kumchukua. Kama huna nafasi ya kudumu, omba kumlea kwa wiki chache. Kila anayetoka kizimbani kwa muda hupata nafuu, na kizimba alichokiacha kinampokea mwingine. Na kama unachotafuta ni mbwa wa kutisha wezi tu, tafadhali mwache huyu amsubiri mtu wake.